Dawa Isiyowekwa Akiba

Dada Tatu,

Kabla hujaendelea kusoma, naomba unisitiri. Kila neno utakalolikuta humu libaki kwako. Usimwonyeshe Babu. Najua mko pamoja sasa, na Babu hata posa ya shangazi ilimtoka mdomoni kabla wazee hawajakaa. Usimtajie yeyote aliyefika huko karibuni kutoka Ujiji, maana hao bado wana ndugu huku na sijui habari hupitia njia gani. Wanawake wa ufukweni wakisikia nusu ya haya, watajijazia nusu nyingine wenyewe. Na Mama, ukimjia usingizini, mzungumzie mambo mengine. Mwulizie mihogo.

Nakuandikia nikiwa kazini. Wenzangu wametoka kwenda kula, masjala imebaki kimya, ni mimi na mafaili. Nimechoka, dada. Si ule uchovu wa kulala ukaamka mzima. Ni kama mtu aliyebeba gunia kichwani kwa muda mrefu, akalitua, na shingo bado inasubiri gunia.

Nikupe kwanza habari za nyumbani. Mwanao Rehema ameng'oka meno ya mbele, akisema "samaki" anatoa mate. Amejifunza kuandika jina lako, na analiandika kila mahali, hata kwenye mlango wa choo, Mama akagomba kisha akaenda mwenyewe kulitazama. Pale Bangwe ulipokuwa ukianika dagaa, Mama Shukuru amesogeza nyavu zake lakini kipande chako hakigusi. Ukimuuliza anajibu, "Mwenyewe akirudi je?" kisha anacheka kile kicheko chake cha kujikwaruza koo, na baada ya hapo haongei tena mpaka jua lizidi. Mche wako wa muhogo umechipua. Paka amehama.

Sasa niseme lililonileta.

Unakumbuka siku ile, lakini uliiona kutoka ndani yake. Acha nikueleze ilivyoonekana kwa waliobaki. Ulitoka Bangwe kupepeta dagaa, upepo ulikuwa unarudisha vumbi usoni. Ulifika nyumbani mabega yako yakipanda na kushuka. Pampu yako ya pumu, ile ya bluu, ilikuwa imekwisha. Ulikuwa ukiivuta asubuhi, mchana, jioni, na wenzako wa ufukweni ulikuwa ukiwaazima. Ulipoitikisa haikutoa kitu. Mama akakimbilia sanduku lake, akafukua, akafungua doti ya kanga, akatoa pampu ya kahawia iliyokuwa bado ndani ya boksi lake. Ukaivuta. Ukaivuta tena. Nilipofika na bajaji ya kukupeleka hospitali ulikuwa umeegemea ukuta, na ile pampu ya kahawia ilikuwa mkononi mwako. Vidole vyako havikutaka kuiachia. Mama ndiye aliyevifungua.

Kwa hiyo msibani, juu ya mikeka, sentensi ilitengenezwa mapema sana, kabla hata ya maji ya kukuosha kuchemka. "Pampu ndiyo iliyomuua." Mmoja alisema pampu huzoesha mwili, ukishaizoea siku ikikosa nguvu unaondoka. Mwingine akasema moyo hupasuka. Mama alikuwa akitingisha kichwa tu, lakini baada ya arobaini, watu walipokuja kugawana nguo zako, nilimsikia akimwambia mama mkubwa wa Mwandiga, "Nilimpa kwa mkono wangu huu, dada. Ile pampu ilimuua mikononi mwangu." Akaamuru kwamba nyumbani kwake kitu kile kisiingie tena.

Nikakubali. Nilikuwa najua nini? Mimi ni mtu wa mafaili.

Halafu kifua changu nacho kikaanza. Ofisini walituagiza tupangue mafaili ya zamani, yaliyokaa miaka bila kuguswa, na vumbi lake ni laini kama unga wa muhogo. Nikaanza kupiga chafya, macho yakawasha, kisha usiku kifua kikawa kinapiga mluzi. Nilijua mluzi ule. Niliusikia kwako tangu tukiwa wadogo, ukilala upande wa ukuta nami upande wa mlango. Sikumwambia Mama. Sikumwambia mkubwa wangu pia, maana bado sijathibitishwa kazini, na mtu anayekohoa kwenye masjala hutafutiwa maneno. Nilikwenda hospitali kwa kujificha, kama mtu anayekwenda kwa mganga.

Daktari alikuwa dada mmoja aliyehamishiwa huku kutoka Mbeya. Bado analalamika joto. Akaniwekea pampu mbili mezani, bluu na kahawia. Nilipoiona ile ya kahawia nilirudisha kiti nyuma. Akaniuliza, "Unaiogopa?" Nikasema ndiyo. Hakucheka. Akasema, "Haya, basi tuiongelee."

Akaniambia kwamba pumu ni mambo mawili kwa pamoja, na watu huona moja tu. Njia za hewa zina misuli inayozizunguka, na misuli hiyo hukaza. Hilo ndilo linalotutisha, ndilo linaloleta mluzi. Pampu ya bluu huilegeza kwa dakika chache, mtu akapumua, akamshukuru Mungu. Lakini chini ya hapo kuna jambo la pili: ukuta wa ndani wa hizo njia umevimba, umekuwa mwekundu na laini kama ngozi iliyochubuka, unatoa makohozi. Unaweza kuwa umevimba hata siku ambayo mtu anaimba na kucheka. Ndiyo maana vumbi kidogo, moshi kidogo, baridi ya ziwa kidogo, vinatosha kumwangusha. Bluu haigusi uvimbe ule. Inayoutuliza ni hii ya kahawia. Dawa yake huingia ndani ya seli zenyewe na kuzizuia zisitengeneze vitu vinavyoita uvimbe. "Lakini haina haraka," akasema. "Ni kazi ya siku na wiki. Ukiivuta leo usitegemee kuhisi kitu leo. Ndiyo maana watu huitupa."

Nikamuuliza, "Kwa hiyo hata siku ambayo mtu hajisikii vibaya?"

"Hasa siku hiyo."

"Na mtu akiiweka kwa ajili ya siku mbaya?"

Akanitazama kidogo. "Siku mbaya ikifika hiyo haimfungui kifua. Ile ni ya kuzuia siku mbaya isije. Haiwekwi akiba."

Dada, nilitoka pale nikakaa kwenye ukingo wa ukuta wa hospitali, mahali wanapokaa watu wanaosubiri maiti.

Kwa sababu niliikumbuka vizuri. Walipokupa zile pampu mbili uliivuta ya kahawia siku chache, ukasema, "Hii haina nguvu, ni kama kupuliziwa ubaridi mdomoni." Na Mama akasema kama anavyosema juu ya kila kitu kizuri kinachoingia nyumbani kwetu: usikimalize, kiweke. Sahani za maua ni za wageni. Shuka jeupe ni la siku ya msiba. Mawese ya kwanza ya msimu hayafunguliwi mpaka mtu augue au azae. Akiba haiozi. Na kwa kuwa daktari alikuwa ameisifu sana ile ya kahawia, Mama akaelewa, kama ambavyo mtu yeyote wa Ujiji angeelewa, kwamba ndiyo yenye nguvu kuliko nyingine, na kitu chenye nguvu hakichezewi kila siku. Akakifunga kwenye kanga mpya, akakilaza chini kabisa ya sanduku lake, pamoja na vitu vyake vya thamani. Hayo yalikuwa mapenzi, dada. Sijui kama ningeweza kumweleza yeyote asiye wa nyumba yetu kwamba hayo yalikuwa mapenzi.

Sasa nikawa na habari ambayo sina pa kuitua. Nikimwambia Mama kwamba pampu haikukuua, ataniuliza, "Basi ni nini kilichomuua?" Na nikijibu swali hilo sawasawa, jibu litapita sandukuni mwake. Nikanyamaza. Nikawa naificha pampu yangu ndani ya kiatu cha mvua, naivuta asubuhi nikiwa bafuni, nasukutua mdomo kama nilivyoelekezwa, ili usiote utando mweupe, natoka nikiwa mtu wa kawaida. Kifua changu kikatulia ndani ya wiki chache. Kila kilipozidi kutulia ndivyo nilivyozidi kuona aibu.

Halafu Rehema.

Ilianza na macho kuwasha na chafya, siku za Mama kumchukua Bangwe kusaidia kuchambua dagaa. Vipele vikamtoka mikononi, vile vya kuvimba na kuhama. Mama akampa Piritoni, na Piritoni ikafanya kazi: vipele vikanywea, pua ikakauka, mtoto akalala. Mama akafurahi. Mama Shukuru naye akaisifu pale ufukweni, "Kidonge kidogo, lakini kina akili kuliko mapampu yenu!"

Nami nikarudi kwa daktari na kumuuliza kuhusu hicho kidonge, nikisingizia ni mimi ninayekitumia. Akanieleza kwamba mwili wa mtu mwenye mzio ukikutana na vumbi usilolipenda hutoa kitu kinaitwa histamini. Histamini hiyo hutafuta mahali pake pa kukaa, kwenye pua, kwenye macho, kwenye ngozi, na ikishakaa ndipo kuwasha kunapoanza. Kidonge kile hakiiui histamini. Kinawahi kukaa kwenye nafasi yake.

Nikakukumbuka wewe kwenye shughuli za harusi. Ulikuwa unawahi, unatandaza kanga yako kwenye mkeka, nafasi ya Mama, nafasi ya shangazi, nafasi yako. Wanaochelewa wanafika, wanaikuta kanga, wanasonya, wanasimama mlangoni. Hawajaondoka, wapo, wanasubiri, ila hawana pa kukaa. Ndivyo Piritoni inavyofanya. Na kwa kuwa ni dawa ya aina ya zamani, huingia mpaka kichwani, ndiyo maana mtu husinzia.

"Lakini kwa pumu?" nikamuuliza.

Akasema, kwenye pumu histamini ni mgeni mmoja tu kati ya wengi. Ukimnyima huyo nafasi, wengine wameshaingia na kula. Kidonge hakilegezi misuli iliyokaza, wala hakiwezi kushika kazi ya pampu. Kitamlaza mtoto. Na mtoto aliyelala huku kifua kimebana anaonekana kama mtoto aliyepona.

Hayo nilikuwa nayajua, dada, Jumamosi ile Rehema aliporudi kutoka kucheza, akashika mlango akihema. Mama akasaga Piritoni kwenye kijiko cha chai, akampa, akamlaza kwenye mkeka uani, chini ya kamba ya nguo. Baada ya muda akaniita kwa furaha, "Umeona? Ametulia." Nikainama. Nilimkuta ametulia kweli. Lakini ngozi katikati ya mbavu zake ilikuwa inazama ndani kila akivuta pumzi, na pale chini ya koo palikuwa pakibonyea kama kidole cha mtu kinapabonyeza. Mluzi ulikuwa umepungua. Daktari alishaniambia kwamba mluzi ukipungua na mtoto hachangamki, usishukuru, kimbia.

Unanijua mimi. Mimi ni yule uliyekuwa ukimtuma dukani akarudi kuuliza kama ulisema sukari robo au nusu. Nikaenda kwenye kiatu cha mvua, nikatoa pampu ya bluu, nikamwinua mtoto, nikamwekea mdomoni.

Mama alipiga kelele ambayo sitaisahau. "Unampa nini? Yasini! Unampa nini mwanangu? Unataka umuue kama mama yake?" Akanishika mkono. Nilimsukuma, dada. Nilimsukuma Mama yetu kwa kiwiko, akakaa chini kwenye vumbi, nami nikambonyezea Rehema, nikasubiri, nikambonyezea tena, huku nikilia kwa sauti kama mtoto. Kisha nikambeba mpaka barabarani. Mama akatufuata bila viatu.

Hospitalini walimwekea mashine ya mvuke, wakamchoma sindano ya kutuliza uvimbe. Muuguzi akachukua chupa tupu ya maji, akatoboa kitako chake kwa kisu kilichopashwa moto, akachomeka pampu pale, akamwonyesha Rehema avute taratibu kupitia mdomo wa chupa, maana mtoto hawezi kulenga kama mtu mzima. Rehema alipopata sauti, neno lake la kwanza lilikuwa, "Mjomba, umemwangusha Bibi." Wodi nzima ikacheka. Mama hakucheka.

Daktari wa Mbeya alikuja jioni akakaa kitandani upande wa Mama. Alimweleza kila kitu, bluu na kahawia, polepole, kama alivyonieleza mimi. Mimi nilikuwa nimesimama dirishani natazama ziwa, natamani amalize, natamani asimalize.

Mama akamuuliza, "Hii ya kahawia, mtu akiivuta wakati amebanwa, inamuua?"

"Haimuui, mama. Haina ubaya huo. Ila haimfungui. Wakati ule anahitaji ya bluu, na hospitali."

"Na kama ilikaa sandukuni?"

Daktari hakujua sanduku gani. Akajibu kama mtu anayejibu swali la kawaida. "Ikikaa sandukuni haimsaidii mtu. Inatakiwa ivutwe kila siku."

Mama akaitengeneza kanga yake kichwani. Aliitengeneza kwa muda mrefu sana. Kisha akasema, "Ahsante, mwanangu. Nimesikia."

Kesho yake tulirudi nyumbani kwa bajaji, Rehema akiwa mapajani mwake. Tulipoanza kuteremka kuelekea Ujiji akaniuliza bila kunitazama, "Ulikuwa unajua?" Nikasema ndiyo. "Ukaninyamazia." Nikasema nilimhurumia. Tulipokaribia nyumbani akasema taratibu, wala si kwa hasira, "Umenihurumia mimi. Na huyu nani alikuwa anamhurumia?"

Bajaji ikasimama, nikamlipa dereva.

Hatujaliongelea tena. Sitaki uelewe kwamba mambo yamekuwa mepesi. Mama amekonda. Kuna siku anakaa na chungu cha maharage mbele yake mpaka kinaungua. Ile methali yake ya akiba sijaisikia tangu siku hiyo. Lakini kila asubuhi kabla ya chai, na kila jioni, anamwita Rehema, anatikisa pampu ya kahawia, anaichomeka kwenye chupa, anahakikisha mtoto amevuta, anampa maji asukutue, ateme. Haruki siku. Bangwe hampeleki tena wakati wa kupepeta. Mama Shukuru alipomwambia mbele ya watu, "Bi mkubwa, mnampa mtoto kitu kilekile?" Mama akamjibu, "Kilekile. Nawe kifua kikikubana njoo, nikupeleke hospitali, usiazime cha mtu." Basi. Wakatazamana, Mama Shukuru akainamia dagaa wake. Wiki iliyofuata alikuja nyumbani, amefunga kanga mdomoni, akamuuliza Mama ni siku gani daktari yupo.

Na mimi. Asubuhi moja nilikuwa natoka bafuni, nimeshaficha kitu changu, nikamsikia akiniita, "Na wewe, baba, uje hapa uvute kama watu. Unadhani mama hasikii mtoto wake anavyohema?" Tangu hapo tunavuta pamoja uani, Rehema kwa chupa yake, mimi bila chupa.

Bado naogopa. Naitikisa bluu kila kukicha nisikie kama imebaki. Nikimkuta Rehema amelala kimya nasimama mlangoni mpaka nione nguo yake inapanda. Nadhani nitaogopa hivi maisha yangu yote, na nadhani ndivyo uchovu wangu ulivyo.

Naahidi mambo mawili. La kwanza, pampu ya mwanao haitaisha kabla nyingine haijafika, hata nikifukuzwa masjala. La pili, akikua akaniuliza, nitamwambia ulikufa kwa pumu. Nitamweleza yote jinsi inavyofanya, misuli na uvimbe, na sitamnyooshea mtu kidole, kwa sababu nimetafuta sana pa kukinyoosha na kila nikitafuta naukuta mkono uliokuwa unakupenda.

Lala, dada. Pumua huko walikokuondolea vumbi.

Kama utataka kunijibu, usipitie ndoto za Mama, wala usimwagize mtu. Ofisini usije, wananiangalia. Njoo nyumbani, asubuhi, mlango wa uani huwa wazi wakati huo, upepo wa ziwa unaingia moja kwa moja. Utatukuta watatu tumesimama karibu na pipa la maji. Ukiniita nisipoitika usidhani nimekusahau, nitakuwa nimebana pumzi kama nilivyofundishwa, dawa ipate kufika chini. Subiri kidogo. Nikishaitoa nitaitika.

Mdogo wako,
Yasini